Mayai ya Mama Mkwe na Opto Yangu

Siku niliyomkamata mama mkwe wangu kwa mikono miwili, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu ya mvua yake. Usicheke. Kama umezaliwa pande hizi za Kakamega unajua hilo ni jambo la kumfanya mtu aanze kuulizia nyumba za kupanga mji mwingine. Nitakueleza polepole, kwa sababu hapa mtaani nimeona vijana wawili, mmoja ameoa juzi na mwingine hashibi kulehemu vidude vyake, na wote wawili wanafanya kosa lilelile bila kujuana. Huenda wewe ni mmoja wao. Kaa basi.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla kila mtu hajaanza kutembea na simu mfukoni. Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya upili, kijana wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili kifuani. Mapenzi yangu yalikuwa mawili: Nafula, niliyekuwa nimemwoa mwaka huo, na elektroniki. Nani alikuwa wa kwanza kati yao, muulize Nafula mwenyewe, ila usimuulize nikiwa karibu.

Tulipanga chumba kimoja. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia, meza na viti viwili mbele ya pazia, na kupika tulipikia barazani. Kwenye meza hiyo mke wangu hakupata hata mahali pa kuweka sahani, maana ilijaa nyaya, balbu, transista na redio za watu zilizofumuliwa matumbo. "Siku moja utakula hivi vitu na obusuma," alikuwa akiniambia, yaani na ugali wetu, na mimi nilijibu kwamba mradi yeye ndiye amepika, nitakula.

Sasa, wewe unajua desturi yetu, lakini acha niiseme kwa ajili ya wale waliokulia mbali. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja hupisha kando. Wakitaka kuambiana jambo, maneno hupitia kwa mtu wa katikati, hata kama wanasikiana vizuri kabisa. Na chumba chenye kitanda cha mkwe, mama mkwe hakanyagi. Kwa hiyo mama yake Nafula alipotoka kwake Kabras kuja kutuona, alikuwa anakaa barazani kwa jirani, anatuma salamu kutoka huko, nami nazirudisha kutoka mlangoni kwangu.

Mimi niliona ni mambo ya kizamani. Niliona hata haya mbele ya wenzangu wa shuleni. Nikamwambia Nafula: mama wa watu anasafiri njia yote hiyo halafu anakuwa mgeni wa jirani? Nafula hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniambia, "Wacha mama yangu," akaendelea kuchambua mboga.

Mama huyo alikuwa na kuku. Nisikudanganye, kuku wa kawaida tu wa kienyeji ukiwatazama, wa madoadoa meusi na meupe, lakini kwake walikuwa zaidi ya hapo. Mtetea wa kwanza alipewa na nyanya yake siku alipoolewa, na uzao ule hakuuacha ukatike. Mabinti zake wakubwa walipoolewa, wote hapohapo Kabras, kila mmoja alibebeshwa mtetea wa uzao huo. Nafula ndiye kitinda mimba, na wake alikuwa bado hajapewa, maana chumba cha kupanga kuku atalala wapi? "Mkipata mahali penu," mama alikuwa akisema, "ingokho yako iko, kuku wako anakungoja."

Kisha kideri kikapita Kabras. Kama hujawahi kuona kideri, shukuru Mungu. Kuku anasinzia jioni, shingo imepinda, asubuhi hayupo. Kilifagia boma la mama, kikafagia ya mabinti zake, kikafagia ya majirani. Jogoo wote walinyamaza, na mama alimwambia Nafula kwamba kilichomwamsha asubuhi ile ni huo unyamavu. Kilichobaki ni kikapu cha mayai aliyokuwa ameyaweka akingoja mtetea wa kuyalalia. Mtetea hakuwepo tena, si kwake wala kwa jirani.

Nafula alilia. Halafu akafuta macho, akanitazama, akatazama lile sanduku langu la mbao lililokuwa pembeni. "Hiyo kitu yako," akasema, "inaweza ama haiwezi?"

Hiyo kitu yangu ilikuwa inkubeta, mashine ya kuangulia mayai. Nilikuwa nimeitengeneza kwa kujifurahisha tu. Sanduku la mbao, balbu mbili ndani za kuleta joto, trei ya bati yenye maji ili hewa isikauke, na juu yake ubongo: bodi ndogo niliyoilehemu mwenyewe, yenye kijibomba cha shaba kilichoingia ndani mpaka kugusa trei, kuhisi joto. Joto likizidi, ubongo unazima balbu. Likipungua, unaziwasha. Nilikuwa nimeijaribu kwa kipimajoto siku nyingi na ikafanya kazi vizuri, lakini yai la mtu halijawahi kuingia humo.

Nikamjibu, "Inaweza." Kijana haulizwi mara mbili.

Mama akaja kwa matatu, kikapu mapajani, mayai yamelazwa kwenye makapi ya mahindi. Alikaa kwa jirani, nami nikasimama mlangoni kwangu, Nafula katikati, nikaanza kuhubiri. Nikasema ubongo wa mashine unatumia betri ya gari, nguvu ndogo ambayo hata ukiishika haikufanyi kitu. Balbu zinatumia stima ya ukutani, ile inayoua. Na kati yao kuna kidude cheusi chenye miguu sita, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kinaitwa opto. Ndani ya opto, upande mmoja kuna kitaa, upande wa pili kuna jicho. Betri inawasha kitaa, jicho linaona mwanga, linaiambia stima iwashe balbu. Hakuna waya unaovuka. Ni mwanga tu.

"Mwambie mama," nikamalizia, "betri na stima hazigusani kamwe. Hata mtoto anaweza kushika upande wa betri."

Nafula akasema yote, na mama, ambaye alikuwa amesikia kila neno, akaitikia kwa kichwa. Mayai yakaingia.

Sasa nikuonyeshe ujinga wangu ulipolala. Mchoro wa bodi niliutoa katika jarida la zamani. Kwenye mchoro, upande wa betri ulikuwa na alama yake ya waya wa kurudishia umeme, na upande wa stima ulikuwa na yake, tofauti, na hapakuwa na mstari wa kuziunganisha. Mimi niliutazama nikaona mchoraji amesahau. Nilijua, au nilidhani nilijua, kwamba umeme wote una nyumba moja ya kurudia. Nikamsaidia mchoraji. Nikachukua kipande kifupi cha waya mweusi, nikaunganisha pande zote mbili chini ya bodi, nikalehemu vizuri, kikang'aa. Nilifurahi nikalala.

Kwa hiyo opto ilikuwepo, inafanya kazi yake ya adabu, na mimi nimepitisha njia ya panya pembeni yake.

Kwa nini haikuonekana mapema? Kwa sababu plagi sikuwa nayo. Nilichuna nyaya mbili nikazisukuma kwenye matundu ya soketi kwa njiti za kiberiti, kama nusu ya mtaa ulivyokuwa ukifanya. Waya upi uingie tundu gani, hatukujali, balbu huwaka tu. Siku zote hizo nilibahatika: ule waya uliounganika na betri ulikuwa umekaa kwenye tundu lisilo na moto.

Mayai yalikuwa yamekwisha kukaa zaidi ya nusu ya muda wake mama aliporudi kuyaangalia. Asubuhi hiyo nilitaka kupiga pasi shati langu. Nikachomoa nyaya za inkubeta, nikapiga pasi, nikazirudisha. Nilizirudisha kinyume.

Mchana mvua ikanyesha ile ya kwetu, ya kumwagika kama beseni. Ilipokatika, mama akatuma swali: mayai yana joto la kutosha? Mtetea akilala, mtu hupitisha mkono chini yake akajua. Mimi nikasema kipimajoto kinaonyesha sawa. Akatuma tena: maji kwenye trei ni ya uvuguvugu au ni baridi? Nafula akaenda, akarudi, akaenda. Uvumilivu ukaniishia. Nikatoka mpaka uani, nikasema moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, "Mama, ingia uone mwenyewe. Hizi habari za kutumana zimepitwa na wakati. Mayai ni yako."

Nafula alinikazia macho. Mama naye akainamisha uso. Ninajua sasa alikuwa anapima mambo mawili, heshima yake na yale mayai. Mayai yakashinda. Akaacha viatu mlangoni kwangu, akaingia miguu mitupu iliyolowa, uso ameugeuza asilione pazia. Akapitisha mkono sandukuni, vidole vikaingia kwenye maji ya trei.

Stima ilimrusha. Namshukuru Mungu ilimrusha, haikumshika. Alikuja kinyumenyume mpaka kifuani kwangu, nami nikamdaka kwa mikono yote miwili nisimwache aanguke.

Nafula ndiye aliyetupigia kelele, mimi nikamwachia mama, nikang'oa nyaya ukutani. Mama alijishika mkono, akaukunja na kuukunjua, akatoka. Sikuwahi kuogopa vile maishani. Niliogopa kwanza kwamba ameumia, na alipoketi kwa jirani akaomba chai, nikaanza kuogopa mengine yote.

Nilikaa ndani ya mlango. Nilimsikia akisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ndicho kilichonimaliza.

"Nafula, mwambie mkwe wangu mimi ni mzima. Mwambie mimi namwombeanga kila asubuhi kabla sijawaombea hata watoto wangu wa kuzaa. Sikukaa mbali kwa kumchukia. Nikiingia kwake kila siku, nitaanza kuona sufuria chafu, nitasema. Nitaona mkilumbana, nitachukua upande wako. Yeye naye atanijibu, na akishanijibu, nitarudi hapa na uso gani? Huko mbali nilikokaa, hatujawahi kukosana. Ananiletea sukari, mimi nafurahi. Hiyo inatosha."

Nafula akageuka kunirudishia. Nilikuwa nimesikia yote, lakini nilimsubiri, akayasema neno kwa neno, machozi yanamtoka. Yakaniingia zaidi mara ya pili kuliko mara ya kwanza.

Kisha mama akaongeza, "Na umuulize. Alisema betri na stima hazigusani, ni mwanga tu. Hiyo stima imefikaje kwenye maji ya mayai yangu? Nani ameenda kuzigusanisha?"

Alikuwa ananikumbusha maneno yangu mwenyewe, basi. Nikageuza bodi. Waya wangu mweusi ulikuwa pale chini, unang'aa; stima ilikuwa imevukia hapo, ikafuata kijibomba cha shaba mpaka kwenye trei. Nilikaa nikiutazama nikaona haya, halafu, sijui kwa nini, nikaanza kucheka. Nilikuwa nimefanya jambo moja mara mbili. Pale ambapo watu wenye akili waliacha nafasi, mimi niliona ni usahaulifu, nikaenda kuijaza.

"Mwambie mama," nikasema, "ni mimi."

Nikamsikia akicheka kidogo na chai mdomoni.

Lakini mayai yalikuwa yanapoa. Mama akafungua leso yake ya kiunoni, akampa Nafula ayafunike, akasema jiko la makaa lisogezwe, si karibu sana. Mimi nikaweka chuma cha kulehemu hukohuko kwenye makaa, nikaling'oa lile daraja langu la waya mweusi. Sikuishia hapo. Nilichukua kipande cha msumeno nikakata bodi katikati, chini ya tumbo la opto, pakawa na ufa wa hewa kati ya pande mbili, ili hata vumbi na unyevu visipate pa kuvukia. Nikakimbia dukani kwa plagi halisi. Niliporudi nikawasha, nikagusa trei kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa. Haikuwaka. Nikageuza nyaya kinyume makusudi, nikagusa tena. Haikuwaka. Ndipo nilipozifunga kwenye plagi, kila waya mahali pake, nikapumua.

Tulipokuwa tunayarudisha mayai sandukuni, mama akatuma neno kwamba tuchukue tochi, twende nyuma ya pazia penye giza, tulishike yai mbele ya mwanga. Nafula akashika la kwanza. Ndani palionekana mishipa myekundu imetanda, na kitu cheusi katikati kikatikisika. Nafula akaita kwa sauti kupita pazia, mlango na ua, "Mama, linacheza." Akashika la pili, nalo likacheza. Hatukumaliza yote, tuliogopa kuyachosha.

Kwetu jambo la kumshika mama mkwe halipiti hivihivi. Nilipeleka blanketi Kabras kupitia kwa wazee, likapokelewa, na mambo yakarudi mahali pake. Kuna waliocheka mtaani wakisema mtu wa maabara amenyooshwa na stima yake. Niliwaacha wacheke, walikuwa na haki.

Na vifaranga vikatoka. Si mayai yote, mengine yalikuwa maji tangu mwanzo, na mengine sijui, labda ile baridi iliyaua, sitaki kujidanganya. Lakini asubuhi ile mama alikuwa amefika mapema, amesimama uani, na sauti zikasikika kutoka sandukuni, zile sauti ndogo za kulalamika. Alifunika mdomo kwa kiganja. Mimi nilivihamisha kimoja kimoja kwenye katoni, bado vina unyevu, nikampa Nafula, Nafula akampelekea. Mama akachutama juu ya katoni, akavichambua kwa kidole mpaka akapata vyenye madoadoa.

"Mwambie," akasema bila kuinua uso. "Mwambie uzao wa nyanya yangu haujaisha."

Nafula alikuja mpaka mlangoni aniambie, akanishika mkono. Nikamwambia, "Mwambie mama nimesikia."

Mtetea wa kwanza kukomaa kati ya wale alikuwa wa Nafula. Kufikia hapo tulikuwa tumepata kiwanja chetu.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii, nami nitaisema wazi maana kizazi chenu hakipendi mafumbo. Wewe unayelehemu: ukitumia opto, upande wa nguvu ndogo na upande wa stima kila mmoja uwe na chanzo chake na waya wake wa kurudi, na usiuunganishe hata kwa unywele. Acha nafasi kati yao kwenye bodi. Nunua plagi. Gusa kwa testa kabla hujamwita mtu aguse kwa mkono. Na mchoro ukiuona umeacha kitu, jiulize kwanza kwa nini, kabla hujamsaidia mchoraji.

Na wewe uliyeoa, au uliyeolewa: si kila nafasi kati ya watu ni ugomvi. Kuna wakwe, kuna jirani, kuna ndugu wa kuzaliwa, ambao mkikaa kwa umbali wenu mtapendana hadi uzeeni, na mkilazimisha kushikana kila siku mtaunguzana. Ukimkuta mtu amekaa kando yako kwa heshima, mpelekee salamu zake huko aliko. Na yule wa katikati anayepeleka maneno yenu akiyafikisha safi, bila kuongeza wala kupunguza, mtunze sana. Mimi wangu bado niko naye, na mpaka leo ndiye mwenye meza.

Mungu akupe mikono mitulivu na subira ya kuuliza. Akupe wakwe wa kukuombea, na mtu mwaminifu wa kusimama kati yenu. Boma lako lisikose sauti ya vifaranga, na ulicholetewa na mtu mwingine kwa matumaini kisife mikononi mwako. Amina.